Figo Mpya, Sukari Ileile

Kongosho ni kiungo chembamba, urefu wake kama sentimita 15, kimelala nyuma ya tumbo la chakula huku kichwa chake kikikumbatiwa na duodeni, yaani kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba. Kinafanya kazi mbili zisizofanana. Sehemu yake kubwa hutengeneza maji makali ya kumeng'enya chakula na kuyamwaga kwenye duodeni. Sehemu ndogo sana, asilimia 1 au 2 tu ya uzito wake, ni vikundi vya seli vilivyotapakaa ndani yake kama visiwa baharini, na ndivyo vinavyotoa insulini moja kwa moja kwenye damu. Mjerumani Paul Langerhans aliviona kwa hadubini mwaka 1869 akiwa bado mwanafunzi, wala hakujua vina kazi gani. Jibu lilianza kuonekana mwaka 1889 huko Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walipomtoa mbwa kongosho lote. Mbwa akaanza kukojoa ovyo, na mkojo wake ukakutwa umejaa sukari.

Tangu hapo ilijulikana kwamba kisukari, au walau namna moja ya kisukari, ni ugonjwa wa kongosho. Katika kisukari aina ya kwanza kinga ya mwili yenyewe huzishambulia seli za visiwa hivyo na kuzimaliza, mara nyingi mtu akiwa bado mtoto au kijana. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo ya wagonjwa walio wengi, insulini huwapo lakini mwili hauitii ipasavyo, na miaka inavyopita kongosho nalo huchoka. Tofauti hiyo ni kubwa linapokuja suala la kupandikiza. Mtu wa aina ya kwanza anakosa kitu fulani ambacho mwingine anaweza kumpa. Mtu wa aina ya pili akipewa kongosho jingine, huenda mwili wake ukalifanya lichoke kama la kwanza, ndiyo maana ni wachache wa aina hiyo wanaokubaliwa, wengi wao wakiwa wembamba na wanaotumia dozi ndogo ya insulini.

Sukari iliyozidi haiui kwa siku moja. Inakula mishipa midogo ya damu taratibu: ya macho, ya fahamu za miguuni na ya figo. Kila figo ina vichujio kama milioni moja, na zote mbili huchuja lita 180 hivi za maji kwa siku, karibu yote yakarudishwa mwilini na kubaki lita moja na nusu au mbili za mkojo. Anayejua kukamua nazi ataelewa upesi kinachoharibika. Kifumbu kipya hupitisha tui na kuzuia chicha. Kikichakaa, nyuzi zake zikaachana, chicha huanza kupenya. Chicha ya figo ni albumini, protini ambayo haipaswi kuonekana kwenye mkojo kwa wingi. Mwanzoni hupenya kidogo tu, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona na mgonjwa hasikii lolote. Baadaye mkojo hutoa povu, miguu huvimba, presha hupanda, na kile kipimo cha damu kiitwacho kriatinini huanza kupaa. Safari hiyo huchukua miaka kumi, kumi na tano, pengine ishirini, na sehemu yake kubwa mtu hupita akijiona mzima.

Figo zikishindwa kabisa, njia ni mbili: mashine ya kusafisha damu au figo ya mtu mwingine. Mashine huvuta damu kutoka mkononi, kwa kawaida mahali ambapo daktari ameunganisha ateri na vena ili mshipa upanuke na uweze kuchomwa sindano nene mara kwa mara. Ukiweka vidole juu yake unahisi mtetemo kama wa paka anayekoroma. Mgonjwa hukaa kitini saa nne hivi, mara tatu kwa wiki, na katika nchi ambazo bima au mfuko hautoshi, mara mbili. Mashine huokoa maisha, lakini haiwezi kufanya kazi ya figo yote, na mwenye kisukari ndiye anayeumia zaidi nayo kwa sababu moyo na mishipa yake tayari vimeguswa. Hata Marekani, ambako huduma hiyo ipo kila mji, wagonjwa wa kisukari wanaofikisha miaka mitano tangu waanze mashine hawafiki nusu. Figo ya kupandikizwa huwapa maisha marefu zaidi, na yenye uhuru zaidi. Hilo halina ubishi tena.

Wazo la kumpa mgonjwa kongosho la kiumbe kingine ni la zamani kuliko insulini yenyewe. Mwaka 1893, mjini Bristol, daktari Watson Williams alichukua kongosho la kondoo, akalikata vipande na kuvipachika chini ya ngozi ya mvulana wa miaka 15 aliyekuwa akifa kwa kisukari. Mtoto alifariki siku tatu baadaye. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best wa Toronto wakafaulu kutoa insulini kwenye makongosho ya wanyama, na Januari 1922 kijana wa miaka 14 akawa mtu wa kwanza kuchomwa sindano yake. Kwa muda ikadhaniwa kisukari kimekwisha. Kumbe insulini iliwazuia watu kufa mapema, na kwa kuishi muda mrefu wakapata nafasi ya kuugua macho na figo.

Upande wa figo, mlango ulifunguka tarehe 23 Desemba 1954 mjini Boston. Joseph Murray na wenzake walitoa figo moja ya Ronald Herrick wakampa pacha wake Richard, aliyekuwa na ugonjwa wa figo usiohusiana na kisukari. Kwa kuwa walikuwa mapacha wa kufanana, kinga ya Richard haikuitambua figo ile kama mgeni, naye akaishi miaka minane zaidi. Murray alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Lakini ni wangapi wenye pacha wa kufanana? Kwa watu wengine wote kinga ya mwili ilikuwa ukuta.

Ukuta huo ndio walioukabili William Kelly na Richard Lillehei wa Chuo Kikuu cha Minnesota tarehe 17 Desemba 1966, walipompandikizia mwanamke wa miaka 28 figo pamoja na kipande cha kongosho kutoka kwa marehemu. Alikuwa na kisukari aina ya kwanza na figo zake zimekufa. Kwa siku sita hakuhitaji insulini. Kisha sukari ikarudi, matatizo yakafuatana, na miezi michache baadaye akafariki. Siku sita hizo zilithibitisha kwamba jambo linawezekana, ingawa kwa miaka kumi na mitano iliyofuata makongosho mengi yaliyopandikizwa yalikufa na wagonjwa wengi pamoja nayo. Madaktari wengi waliacha.

Kilichobadilisha mambo ni udongo. Katika nyika ya Hardangervidda huko Norwe ilipatikana kuvu ambamo kampuni ya Sandoz ya Uswisi ilitoa saiklosporini, dawa inayozituliza seli za kinga bila kuua uboho. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1983. Mwaka 1984 Wajapani wakapata takrolimasi kutoka kwa bakteria wa udongo wa Tsukuba, na hiyo ndiyo dawa kuu ya wapokeaji wa viungo hadi leo. Mwaka 1987 maabara ya Folkert Belzer katika Chuo Kikuu cha Wisconsin ikatoa maji maalumu ya kuhifadhia viungo ambayo yalikirefushia kiungo muda wa kukaa kwenye barafu. Kwa dawa za kushusha kinga na maji hayo ya baridi, upandikizaji wa kongosho ukarudi.

Inafaa kuitazama kazi yenyewe kwa karibu, maana ni hapo inapoonekana kwa nini kongosho ni gumu kuliko figo. Figo hutolewa ikiwa na ateri yake, vena yake na mrija wake wa mkojo. Ni mashono matatu. Kongosho linalishwa na ateri mbili kubwa, na haliwezi kutenganishwa na duodeni bila kupasua njia ya maji yake. Kwa hiyo hutolewa pamoja na kipande cha duodeni na wengu, likawekwa kwenye bakuli la barafu, na timu ya pili huanza kulitengeneza mezani kabla mgonjwa hajapasuliwa. Wengu huondolewa. Mafuta yanayolizunguka hufungwa fundo kwa fundo, kwa sababu tundu dogo lililosahauliwa mezani litatoka damu tumboni. Ateri zake mbili huunganishwa kwa kipande cha ateri ya nyonga ya marehemu yuleyule, chenye umbo la manati: panda mbili zinashonwa kwenye kongosho, mpini unaachwa kwa ajili ya mpokeaji. Saa zinahesabiwa wakati wote huo. Figo huvumilia barafu kwa siku nzima na zaidi. Kongosho madaktari hupenda liwe limepata damu ndani ya saa 12.

Mgonjwa hupasuliwa katikati ya tumbo. Kongosho huwekwa upande wa kulia, chini karibu na kinena, likashonwa kwenye mishipa mikubwa iendayo mguuni. Kipande cha duodeni kilichokuja nalo hushonwa kwenye utumbo mwembamba ili yale maji makali yapate pa kumwagikia. Zamani, hasa miaka ya 1980, yalielekezwa kwenye kibofu, na mgonjwa akawa anayakojoa. Faida yake ilikuwa kwamba daktari aliweza kuyapima kwenye mkojo na kujua mapema kama kongosho linakataliwa. Hasara yake ilikuwa kibofu kuungua na mwili kupoteza chumvi na maji kila siku, kiasi kwamba wengi walirudishwa chumba cha upasuaji kubadilishiwa njia. Figo hushonwa upande wa kushoto. Koleo zikiachiliwa, kongosho lililokuwa limepauka hupata rangi ya waridi, figo hukakamaa, na mara nyingi mrija wake hudondosha mkojo kwenye kitambaa cha upasuaji hata kabla haujaunganishwa na kibofu. Muuguzi anayepima sukari kila saa huanza kuona namba zikishuka, na dripu ya insulini hupunguzwa mpaka ikasimamishwa. Wengi huondoka hospitalini hawana sindano hata moja ya insulini, jambo ambalo wengine hawajawahi kulijua tangu utotoni.

Wasomaji wengi hushangaa kusikia kwamba viungo vya zamani havitolewi. Figo zilizokufa hubaki mahali pake zikisinyaa, isipokuwa zikiwa na maambukizo au zimevimba kupita kiasi. Kongosho la zamani ndilo lisilofaa kuguswa kabisa, kwa kuwa bado linameng'enya chakula. Mtu anaweza kutembea mitaani akiwa na figo tatu na makongosho mawili.

Upasuaji huu hufanywa kwa namna tatu. Iliyo ya kawaida ni kupandikiza kongosho na figo kwa wakati mmoja kutoka kwa marehemu mmoja. Namna ya pili ni figo kwanza, kwa kawaida kutoka kwa ndugu aliye hai, kisha kongosho la marehemu baadaye. Ya tatu, adimu, ni kongosho peke yake kwa mtu ambaye figo zake bado zinafanya kazi. Hii ya tatu ina masharti makali, kwani ni kumbadilishia mtu sindano za insulini kwa dawa za kushusha kinga ambazo zina madhara yake. Anayestahili hasa ni yule ambaye sukari humshuka ghafla bila dalili: hatokwi jasho, hatetemeki, anaanguka tu akiwa jikoni au akiendesha gari.

Viungo vyote viwili vinapotoka kwa mtu mmoja, figo huwa mlinzi wa kongosho. Kongosho linaposhambuliwa na kinga, sukari hupanda kwa kuchelewa, wakati visiwa vingi vimeshakufa. Figo hulalamika mapema: kriatinini ikipanda, daktari hujua kwamba kinga imeamka na kongosho nalo liko hatarini. Hiyo ni sababu mojawapo inayofanya kongosho lililopandikizwa pamoja na figo lidumu kuliko lililopandikizwa peke yake. Katika vituo vyenye uzoefu, karibu makongosho tisa kati ya kumi yaliyowekwa pamoja na figo huwa bado yanatoa insulini mwaka mmoja baadaye, na zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100 huwa hai. Yanayopotea mapema mara nyingi hupotea kwa damu kuganda kwenye mishipa yake ndani ya siku chache za mwanzo, maana damu hupita polepole kwenye kongosho kuliko kwenye figo.

Je, sukari ikiwa ya kawaida, uharibifu wa zamani hupona? Jibu zuri zaidi lilitolewa mwaka 1998 na Paola Fioretto, Michael Mauer na wenzao. Waliwafuatilia watu wanane waliopata kongosho peke yake, wakachukua vipande vidogo vya figo zao na kuvitazama kwa hadubini. Baada ya miaka mitano hapakuwa na nafuu. Baada ya miaka kumi makovu ya vichujio yalikuwa yamerudi nyuma, kwa wengine karibu kutoweka. Figo, kwa hiyo, inaweza kujitengeneza, ila inataka muongo mzima wa sukari tulivu. Fahamu za miguuni hupata nafuu kidogo na kwa mwendo wa konokono. Macho yaliyokwisha pofuka hayarudi.

Gharama ya yote haya ni dawa za kila siku maisha yote: takrolimasi, mikofenoleti, na mara nyingi prednisoloni. Takrolimasi hunywewa kila baada ya saa 12, na saa ya Kiswahili inarahisisha: saa moja asubuhi, saa moja jioni. Kiasi chake kwenye damu lazima kipimwe, kwa kuwa kikipungua kiungo hukataliwa na kikizidi figo hulewa sumu. Balungi huongeza kiwango hicho, na danzi vilevile, kwa hiyo mpokeaji huambiwa aachane nayo kabisa. Dawa za mitishamba ni mtihani mwingine, kwani hakuna anayeweza kumwambia daktari ndani yake mna nini. Na katika nchi ambamo kifua kikuu ni cha kawaida, kuna mtego ambao vitabu vya Ulaya huupitia haraka: rifampisini, nguzo ya matibabu ya kifua kikuu, huiteketeza takrolimasi mwilini, na dozi isipopandishwa mara kadhaa kiungo hupotea wakati mgonjwa anatibiwa kikohozi. Mwenye nia ya kufunga Ramadhani naye azungumze na daktari wake kabla mwezi haujaandama. Saa za dawa na kiu ya figo moja si mambo ya kukisia.

Wako wanaosema kwamba kama visiwa ndivyo vinavyohitajika, hakuna haja ya kuhamisha kongosho zima. Mwaka 2000, James Shapiro na wenzake wa Edmonton, Kanada, walitangaza kwamba watu saba waliomiminiwa visiwa vilivyochambuliwa kutoka kwenye makongosho ya marehemu walikuwa wameacha insulini. Visiwa hivyo hupitishwa kwa sindano kwenye vena inayoingiza damu kwenye ini, bila kupasua tumbo, vikakwama humo na kuanza kazi. Habari hizo zilivuma dunia nzima. Baadaye ikaonekana kwamba wengi wao walirudia insulini ndani ya miaka michache, na kwamba mtu mmoja mara nyingi huhitaji visiwa vya marehemu wawili au zaidi. Hata hivyo njia hiyo huwaondolea wengi ile hatari ya kushukwa na sukari ghafla. Mwaka 2025 ikachapishwa habari ya visiwa vilivyooteshwa maabara kutokana na seli shina: kati ya watu 12 waliopewa dozi kamili, 10 walikuwa hawatumii insulini baada ya mwaka. Nao pia hunywa dawa za kushusha kinga. Kuhusu figo za nguruwe aliyebadilishwa jeni, mtu wa kwanza aliye hai kuwekewa, huko Boston Machi 2024, alikuwa mwenye kisukari wa miaka 62. Aliishi karibu miezi miwili, na hospitali ikasema haikuona dalili kwamba figo ndiyo iliyomuua.

Afrika Mashariki imo katika hadithi hii kwa mguu mmoja. Upandikizaji wa figo upo. Kenya ndiyo iliyotangulia. Tanzania ilianza Novemba 2017 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, madaktari wake wakifanya kazi bega kwa bega na Wahindi, na Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata kwa msaada wa Wajapani. Kabla ya hapo mgonjwa na ndugu yake walipanda ndege pamoja kwenda India, wakarudi mmoja na figo moja na mwingine na figo tatu. Rwanda ilianza mwaka 2023 katika Hospitali ya King Faisal, Kigali, na Desemba mwaka huohuo Mulago ya Kampala ikafanya wa kwanza, baada ya Uganda kupitisha sheria yake ya viungo. Kongosho ni habari nyingine. Anayelitafuta barani huku hutazama Afrika Kusini.

Sababu si ukosefu wa mikono. Daktari anayeweza kushona mishipa ya figo anaweza kufundishwa kushona ya kongosho. Sababu ni kwamba figo hutolewa na mtu aliye hai, naye akabaki na nyingine, ilhali kongosho ni moja. Imewahi kutokea mtu hai akatoa nusu ya kongosho lake, lakini vituo vinavyothubutu kufanya hivyo vinahesabika kwa vidole, kwa kuwa mtoaji mwenyewe anaweza kuishia na kisukari. Kongosho hutoka kwa marehemu, na si marehemu yeyote: ni yule ambaye ubongo wake umekufa katika chumba cha wagonjwa mahututi huku mashine ikiendelea kumpumulia na moyo ukisukuma damu, mara nyingi kijana wa ajali ya barabarani. Ili kiungo chake kimfikie mtu ndani ya saa 12 panahitajika madaktari wasiohusika na upandikizaji watakaothibitisha kifo cha ubongo, maabara inayofanya kazi usiku wa manane, orodha ya wanaosubiri, na mtu wa kuketi na familia katika saa yao mbaya kuliko zote na kuwauliza swali gumu. Nchi za Afrika Mashariki hutegemea watoaji walio hai. Ajali zenyewe, kwa bahati mbaya, hazijapungua.

Sheria na dini mara nyingi hutajwa kuwa ndizo kikwazo, na lawama hiyo imezidi kiasi. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamruhusu mtu kuacha wosia kwamba viungo vyake vitolewe. Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu ilikikubali kifo cha ubongo katika kikao cha Amman mwaka 1986, na mwaka 1988 huko Jeddah ikaruhusu kupandikiza viungo kwa masharti, likiwamo la kutouza. Papa Yohane Paulo wa Pili aliuhutubia mkutano wa wapandikizaji mjini Roma mwaka 2000 akausifu utoaji wa viungo kuwa tendo la upendo. Kinachobaki ni desturi: maiti azikwe kamili, na azikwe mapema. Desturi hiyo haibezwi, na familia inayokataa ina haki yake. Lakini familia haiwezi kukubali wala kukataa jambo ambalo halijawahi kuulizwa.

Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari wa Dar es Salaam au Mombasa anayepandikizwa hupata figo, na sukari yake hubaki ileile. Wengine hutoka hospitalini wakidhani wamepona yote mawili, na hapo ndipo figo mpya inapoanza kuharibika. Kwa kweli siku za mwanzo sukari huwa mbaya zaidi: prednisoloni huipandisha, takrolimasi hulidhoofisha kongosho, na hata figo yenyewe, kwa kuwa sasa ni nzima, huitoa insulini mwilini haraka kuliko figo zilizokufa zilivyokuwa zikifanya. Aliyekuwa akitumia yuniti chache wakati wa mashine hujikuta anahitaji nyingi. Hata mtu asiyekuwa na kisukari kabla anaweza kukipata kwa dawa hizi. Sukari ikiachwa juu, mabadiliko yaleyale ya kisukari huonekana kwa hadubini kwenye figo mpya ndani ya miaka michache. Kuiua kabisa huchukua muda mrefu, mara nyingi zaidi ya miaka kumi, na ni muda huo ambao dawa za presha, lishe, na vipimo vya mara kwa mara hufanya kazi yao. Figo ya ndugu aliye hai kwa wastani hudumu kuliko ya marehemu, kwa hiyo kwa mtu wa aina ya pili, ambaye hata Ulaya huenda asingepewa kongosho, hiki anachopata nyumbani si pungufu sana ya kile angepata kwingine. Anayepunjwa hasa ni kijana wa aina ya kwanza.

Limebaki suala la ndugu. Mtoaji lazima awe mtu mzima aliyeamua kwa hiari, kundi lake la damu liafikiane na la mgonjwa, na seli zake zijaribiwe dhidi ya damu ya mgonjwa kuona kama kuna shambulio lililokwisha andaliwa. Biashara ya figo ni haramu kisheria karibu kila mahali, na anayeuza kwa siri huachwa bila ufuatiliaji siku akiugua. Lakini katika nyumba yenye kisukari kuna kipingamizi ambacho wengi hawakitarajii. Kisukari aina ya pili hutembea kwenye ukoo, na kwa kawaida hospitali haimkubali mtoaji mwenye kisukari, maana figo moja atakayobaki nayo ndiyo sukari itakayoishambulia. Ndugu watatu huenda wakajitokeza kumwokoa kaka yao, wakapimwa, na mmoja akarudishwa si kwa sababu ya damu kutolingana bali kwa sababu sukari yake mwenyewe iko juu na hakuwahi kujua. Huyo naye aandikishwe kliniki siku hiyohiyo, na mkojo wake upimwe albumini wakati huohuo na kila mwaka baada ya hapo. Kwa aina ya kwanza kipimo hicho huanza miaka mitano tangu ugonjwa kugundulika. Kwa aina ya pili huanza siku unapogundulika, kwa sababu hakuna ajuaye ulikuwapo tangu lini.